Rufaa ya Hatia, Rufaa ya Adhabu, Mapitio au Kuikubali Hukumu: Ulinganisho kwa Aliyetiwa Hatiani kwa Kosa Dogo Tanzania Bara

Mwishoni mwa hukumu nyingi za mahakama zetu, karibu na sahihi ya hakimu, kuna mstari mmoja mfupi unaosema kwamba haki ya kukata rufaa imeelezwa. Mstari huo hupita haraka sana. Aliyehukumiwa wakati huo anawaza faini ataipata wapi, au anamtafuta ndugu yake kwa macho kabla askari hajamshusha kizimbani, na ndugu naye yuko mlangoni anamuuliza karani malipo yanafanyika wapi. Familia hukaa chini wiki mbili au tatu baadaye na kuulizana: tukate rufaa au tuache?

Swali hilo, likiulizwa hivyo, linaficha njia nne zilizo tofauti kabisa. Mtu anaweza kupinga kutiwa hatiani kwenyewe. Anaweza kukubali hatia akapinga adhabu pekee. Anaweza kuiomba mahakama ya juu ipitie jalada kwa sababu ya kasoro za kisheria. Anaweza pia kuikubali hukumu, akaimaliza adhabu na kuendelea na maisha yake. Makala hii inazilinganisha njia hizo kwa makosa madogo kama wizi mdogo, shambulio la kawaida, kuharibu mali au makosa ya barabarani, pale adhabu inapokuwa faini, kuachiwa kwa masharti au kifungo cha miezi michache. Inahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina mfumo wake wa mahakama na sheria zake za mwenendo.

Vigezo, na saa ambayo tayari inatembea

Kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale: inaweza kukufutia nini, muda wake ni upi, hoja gani inatakiwa, hatari yake ni ipi, na hali yako itakuwaje wakati unasubiri. Hata hivyo, muda unatangulia mambo yote, kwa sababu hoja nzuri iliyochelewa hupoteza nguvu kabla haijasikilizwa.

Muda unategemea mahakama iliyokuhukumu. Kama ni Mahakama ya Mwanzo, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya, na inapaswa kufunguliwa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya uamuzi. Kama ni Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi iliyosikiliza shauri tangu mwanzo, rufaa inakwenda Mahakama Kuu, na hapo kuna hatua mbili. Ya kwanza ni kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na ya pili ni kuwasilisha rufaa yenyewe, pamoja na sababu zake, ndani ya siku 45. Katika kuhesabu hizo siku 45, muda uliohitajika kupata nakala ya mwenendo wa shauri na ya hukumu hautiwi katika hesabu. Ndiyo maana barua ya kuomba nakala iandikwe mapema, ipelekwe masjala, na nakala yako irudi nyumbani ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe inayosomeka. Hizo siku 10 za kusudio, kwa upande mwingine, hazisubiri nakala yoyote.

Nimeona watu wakiziacha siku hizo 10 zipite kwa kudhani kwamba kutoa taarifa ya kusudio ni kujifunga kukata rufaa. Si hivyo. Taarifa ni karatasi fupi inayosema kwamba hukuridhika, na ukibadili mawazo baadaye unaweza kuacha kuendelea. Kwa maoni yangu, mtu ambaye bado hajaamua aitoe kwanza, kisha ndipo aendelee kufikiri.

Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, naye atatakiwa kutoa sababu ya msingi. Mahakama zetu zimeshikilia kwamba kila siku ya ucheleweshaji ielezwe, na kutojua sheria hakukubaliwi kuwa sababu. Kulazwa hospitalini kunakothibitishwa kwa maandishi, au kucheleweshewa nakala ulizoziomba kwa barua, kuna uzito mkubwa kuliko maelezo ya jumla kwamba familia ilikuwa inajipanga.

Njia ya kwanza: kupinga kutiwa hatiani

Hii ndiyo njia pana kuliko zote, na ndiyo ambayo watu wengi huifikiria wanaposikia neno rufaa. Ikifanikiwa, hatia inafutwa, adhabu inaondoka pamoja nayo, na mtu anarudi katika hali ya asiyewahi kutiwa hatiani kwa kosa hilo. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 13(6), inaitaja haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria kutokana na maamuzi ya mahakama, kwa hiyo anayeichagua njia hii asijione msumbufu.

Nguvu yake iko katika jambo ambalo wengi hawalijui: mahakama inayosikiliza rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote uliotolewa na kufikia hitimisho lake yenyewe, ikizingatia kwamba haikuwaona mashahidi wakizungumza. Kwa hiyo sababu za rufaa zenye uzito ni zile zinazoonyesha mahali mahususi. Shahidi wa pili alisema tukio lilikuwa saa mbili usiku na hakukuwa na taa, utambuzi ulifanyikaje? Mali inayodaiwa kuibwa ilitajwa kwenye hati ya mashtaka kuwa ya rangi moja, na mahakamani ikaletwa ya rangi nyingine. Hukumu ililizungumzia hilo? Utetezi wako ulisema ulikuwa mji mwingine na ukaleta shahidi. Hakimu aliupima utetezi huo au aliupita? Sababu isemayo tu kwamba hakimu alikosea kisheria na kimantiki haimsaidii anayeisoma.

Aliyekiri kosa ana uwanja mwembamba zaidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema kwamba aliyetiwa hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe hana rufaa isipokuwa juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Hata hivyo mahakama zimeacha mlango. Uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1983, ambao bado unatumika kama rejea, ulitaja hali nne: kukiri kulikuwa na utata au hakukukamilika, mshtakiwa alikiri kwa makosa au kwa kutoelewa, hati ya mashtaka haikuonyesha kosa linalojulikana kisheria, au maelezo ya tukio aliyoyakubali hayawezi kisheria kujenga kosa lile.

Hapa ndipo inapofaa kulisoma jalada kwa makini. Tafuta ukurasa ambao shtaka lilisomwa na jibu likaandikwa. Tuseme kijana alishtakiwa kuiba simu, na jibu lake limeandikwa hivi: "Ni kweli niliichukua, lakini aliniachia mwenyewe kwa sababu ananidai… namdai elfu thelathini." Kisha mstari unaofuata unasema mshtakiwa amekiri kosa. Huko si kukiri wizi. Sehemu ya pili ya sentensi yake inadai kwamba mwenye simu aliridhia, na kuchukua kitu kwa ridhaa ya mwenyewe hakujengi wizi, kwa hiyo hakimu alipaswa kuandika kwamba amekana na kuita mashahidi. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu huo mwaka 1973: shtaka na vipengele vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake yaandikwe kwa karibu kadiri inavyowezekana na alivyoyasema, upande wa mashtaka ueleze tukio, na mshtakiwa apewe nafasi ya kukubali au kupinga maelezo hayo. Neno "lakini" baada ya "ni kweli" limewahi kuwa msingi wa rufaa nyingi.

Kuhusu hatari, wanaokata rufaa wanapaswa kujua mambo matatu. Kwanza, ushindi unaweza kuja kwa sura ya shauri kuamriwa kusikilizwa upya badala ya kuachiwa huru, ingawa tangu uamuzi wa mwaka 1966 inafahamika kwamba usikilizaji upya hautolewi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo ya ushahidi wake. Pili, mahakama ya rufaa ina mamlaka ya kuongeza adhabu. Tatu, kasoro ya utaratibu peke yake haiangushi hukumu. Sheria inataka ionekane kwamba kasoro hiyo imesababisha haki kutotendeka. Tarehe iliyoandikwa vibaya hairekebishi maisha ya mtu. Kunyimwa nafasi ya kumuuliza shahidi maswali ni jambo jingine kabisa.

Wakati wa kusubiri, rufaa haisimamishi adhabu yenyewe kwa yenyewe. Aliye gerezani anaweza kuomba dhamana akisubiri rufaa, lakini dhamana ya baada ya kutiwa hatiani haitolewi kirahisi kama ya kabla: mahakama hutaka kuona hali ya pekee, hasa uwezekano mkubwa wa rufaa kufanikiwa. Na rufaa ikishindwa, siku alizokuwa nje kwa dhamana hazihesabiwi kuwa sehemu ya kifungo.

Njia hii inamfaa anayekana kosa kwa dhati na anayeweza kuonyesha kwenye jalada mahali ambapo ushahidi au utaratibu uliyumba. Inamfaa pia ambaye hatia yenyewe inamuumiza kuliko adhabu, kama mtu ambaye kazi yake inadai cheti cha tabia njema cha polisi.

Njia ya pili: kupinga adhabu pekee

Hapa mtu anasema: nilitenda, au sina tena hoja ya kupinga hilo, lakini nilichopewa kimezidi. Kinachoweza kufutwa ni adhabu, au sehemu yake, hatia inabaki. Muda ni uleule wa rufaa ya kwanza.

Hoja inayotakiwa ni finyu, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuiandaa. Mahakama ya rufaa haibadili adhabu kwa sababu tu yenyewe ingetoa ndogo zaidi. Inaingilia pale adhabu ilipozidi waziwazi, ilipokiuka sheria, ilipotolewa kwa kanuni isiyo sahihi, au pale hakimu alipoacha jambo muhimu ambalo alipaswa kulizingatia. Kwa hiyo chukua nakala ya hukumu na uisome sehemu ya mwisho. Je, imeandikwa kwamba ni kosa lako la kwanza? Je, hakimu alizingatia kwamba ulikiri mapema na kuokoa muda, kwamba ulikaa mahabusu miezi kadhaa kabla ya hukumu, au kwamba mali ilirudishwa? Je, kifungo kimetolewa moja kwa moja wakati sheria ya kosa hilo inaruhusu faini, bila maelezo ya kwa nini faini haikufaa? Mahakama ya Mwanzo nayo ina kikomo: kwa kawaida haiwezi kutoa kifungo kinachozidi miezi 12, na adhabu inayovuka mamlaka ya mahakama ni batili hata kama mtu alikiri.

Inafaa pia kujua mahakama ingeweza kutoa nini badala yake. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu aliyestahili kifungo kisichozidi miaka 3 afanye kazi za umma bila malipo, akiridhia mwenyewe. Kuna pia kuachiwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa kipindi kisichozidi miezi 12. Rufaa inayosema "nipunguzieni" ni dhaifu kuliko ile inayoonyesha adhabu mbadala ambayo sheria inaitambua na ambayo hali ya mtu huyu inaistahili. Kinyume chake, kama kosa lina kiwango cha chini cha adhabu kilichowekwa na sheria, mahakama haina uhuru wa kushuka chini yake, na rufaa ya namna hii haitafika mbali.

Hatari ya adhabu kuongezwa iko hapa pia. Kwa kosa dogo ambalo hakimu alitoa adhabu ya wastani, hatari hiyo si kubwa, lakini kama adhabu uliyopewa ni nyepesi kuliko kawaida, fikiri mara mbili kabla ya kuipeleka mbele ya macho mengine.

Kusubiri ndiko kunakoisumbua njia hii kuliko nyingine yoyote. Chini ya Sheria ya Magereza, mfungwa mwenye kifungo kinachozidi mwezi 1 anaweza kupata msamaha wa theluthi moja ya kifungo chake kwa bidii na tabia njema. Aliyefungwa miezi 6 anaweza hivyo kutoka baada ya miezi 4. Ukiondoa wiki za kuandaa nakala, kupanga shauri kwa jaji au hakimu na kulisikiliza, rufaa ya kupunguziwa adhabu inaweza kufika wakati hakuna tena cha kupunguza. Bila dhamana, au bila kuomba usikilizaji wa haraka, rufaa ya adhabu fupi inaweza kubaki ya makaratasi. Kwa faini kubwa, au kwa kifungo cha mwaka mmoja, hesabu inabadilika na njia hii huwa ya maana sana.

Inamfaa aliyekiri, na aliyetiwa hatiani kwa ushahidi ulionyooka lakini akapewa adhabu ambayo hukumu yenyewe haielezi ilitoka wapi.

Njia ya tatu: kuomba mapitio

Mapitio ni mamlaka ya mahakama ya juu kuliita jalada la mahakama ya chini na kujiridhisha kama uamuzi, adhabu na utaratibu vilikuwa sahihi na halali. Mahakama Kuu inaweza kufanya hivyo kwa mahakama zote za chini yake, na Mahakama ya Wilaya inaweza kwa Mahakama ya Mwanzo. Inaweza kuanza kwa hiari ya mahakama yenyewe, kwa mfano ukaguzi unapogundua adhabu isiyo halali, au kwa barua au maombi yanayoeleza kasoro.

Muda wake kwa mashauri ya Mahakama ya Mwanzo ni mrefu kidogo: Mahakama ya Wilaya haiwezi kuyapitia baada ya miezi 12 tangu yalipomalizika. Urefu huo huwavuta watu, nao huwapoteza. Msimamo wa mahakama zetu ni kwamba mapitio si mbadala wa rufaa. Mtu aliyekuwa na haki ya kukata rufaa, akaiacha siku zikapita, kisha akaandika malalamiko yaleyale na kuyaita maombi ya mapitio, ajiandae kuambiwa arudi kuomba kuongezewa muda wa rufaa.

Hoja yake ni kasoro inayoonekana kwenye jalada bila kupima upya ushahidi: mahakama haikuwa na mamlaka, adhabu haipo katika sheria, au mtu alihukumiwa bila kusomewa shtaka. Adhabu inaweza kuongezwa kwenye mapitio pia, ila si kabla ya mhusika kupewa nafasi ya kusikilizwa. Njia hii inawafaa wachache, na hao wachache kwa kawaida wanaweza kuieleza kasoro yao kwa sentensi moja.

Njia ya nne: kuikubali hukumu

Kuna watu huona aibu kuitaja njia hii, kana kwamba ni kushindwa. Sioni hivyo. Mtu aliyetenda kosa, akatozwa faini anayoimudu, akamrudishia jirani yake alichomharibia, ana sababu nzuri za kulimaliza jambo hapo: hakuna nauli za kwenda mahakamani, hakuna siku za kazi zinazopotea, hakuna hatari ya adhabu kuongezwa kwa rufaa yake mwenyewe. Hata hivyo Mkurugenzi wa Mashtaka naye ana haki ya kukata rufaa asiporidhika, akitoa kusudio ndani ya siku 30, kwa hiyo utulivu kamili huja baada ya muda huo kupita.

Kinachobaki ni hatia. Itahesabika kama kosa la awali siku nyingine ukisimama kizimbani, na hapo huwezi tena kuomba huruma ya mkosaji wa mara ya kwanza. Kwa makosa yanayohusu kukosa uaminifu, kama wizi au udanganyifu, uzito ni mkubwa zaidi: waajiri huyaangalia, na Katiba inamzuia kugombea ubunge aliyefungwa zaidi ya miezi 6 kwa kosa la namna hiyo. Tusi la ugomvi wa sokoni na wizi wa elfu ishirini vinaweza kupata faini ileile, lakini havikufuati kwa namna moja.

Wapo wanaoikubali hukumu huku wakitegemea msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Msamaha upo, lakini masharti yake hutangazwa kila unapotolewa, na si jambo la kupangia maisha.

Kwa kuangalia hali yako

Ikiwa hukumu ina chini ya siku 10 na ilitoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, toa taarifa ya kusudio leo, omba nakala kwa barua, kisha ndipo uchague njia. Ikiwa ilitoka Mahakama ya Mwanzo, hesabu siku 30 kutoka tarehe ya uamuzi, na usiziache ziishe kwa kusubiri nakala.

Ikiwa ulikiri, soma kwanza maneno yaliyoandikwa kama jibu lako na maelezo ya tukio uliyoyakubali. Yakiwa na utata, njia ya kwanza ipo wazi. Yakiwa yamenyooka, elekeza nguvu kwenye adhabu.

Ikiwa umelipa faini lakini hukutenda kosa, kulipa huko hakufungi mlango wa rufaa. Jiulize kosa hilo litasomekaje kwenye kumbukumbu zako miaka 10 ijayo, na kama jalada lina kasoro unayoweza kuinyooshea kidole.

Ikiwa ulikubali ndani ya moyo wako kwamba ulikosea, na adhabu inalingana na kosa, imalize. Tunza risiti ya faini au hati ya kumaliza adhabu mahali pasipopotea.

Ikiwa huna fedha za wakili, unaweza kukata rufaa mwenyewe, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo sababu zako ziandike kwa lugha unayoiongea. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua pia wasaidizi wa kisheria, ambao wanaweza kukuelekeza utaratibu ingawa hawaruhusiwi kukuwakilisha mahakamani.

Na ikiwa anayehusika yuko gerezani, familia isidhani kwamba lazima kila kitu kifanywe na aliye nje. Mfungwa anaweza kutoa kusudio na rufaa yake kupitia mkuu wa gereza, ambaye anapaswa kuzipeleka mahakamani. Siku ya kumtembelea, muulizeni mambo mawili kabla ya salamu za nyumbani kuwa ndefu: amekwisha kuweka dole gumba au sahihi kwenye taarifa ya kusudio, na ilikuwa tarehe ngapi?